Kuifuata Damu Ndani ya Mshipa

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi mliotoka wilayani, wauguzi, matabibu, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, wazee wetu na kina mama mliokuja kusikiliza, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Mimi ni daktari wa upasuaji. Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu imekuwa kisu, mkasi na uzi. Leo nimesimama hapa Morogoro kuwaambia kwamba wako majeruhi ambao damu inawamwagikia tumboni, na bado tumbo lao halihitaji kisu changu. Nataka mjue ni akina nani, wanatibiwa vipi, na sisi tulio mbali na mitambo mikubwa tuna kazi gani katika saa zile za kwanza. Nitaanza na mtoto mmoja, maana yeye ndiye aliyenifanya nilishike jambo hili na nisiliachie.

Nilikuwa daktari kijana katika hospitali moja ya mkoa. Akaletwa mtoto wa kiume wa miaka 9, ameanguka kutoka juu ya mwembe. Tumbo limejaa, midomo imepauka, mapigo yanakimbia hata hayahesabiki vizuri. Mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, hatukuwa nayo. Nikamwingiza theata, nikafungua tumbo, nikakuta bandama imepasuka. Bandama ndiyo hiyo ambayo wengine wanaiita wengu: kiungo laini, rangi ya zambarau iliyoiva, ukubwa wake kama ngumi, kimejificha chini ya mbavu za kushoto. Nikafunga mshipa unaoilisha, nikaitoa. Damu ikakoma. Siku ya kumi mtoto alitoka wodini kwa miguu yake, na mama yake akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kwa hali aliyokuja nayo, upasuaji ule ulikuwa sahihi, na angeletwa leo katika hali ileile ningeufanya tena. Kilichonitesa kilikuja mwaka uliofuata. Mtoto aliamka na homa. Mchana akatapika, jioni akawa hajitambui, na kabla ya alfajiri akafariki. Bandama huchuja damu na kunasa vijidudu, hasa wale bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Asiye nayo, na mtoto zaidi, anaweza kuangushwa na maambukizi katika saa chache. Hili halikuwa jambo jipya. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walikwisha kuandika juu ya watoto wachanga waliotolewa bandama wakaugua namna hiyohiyo. Chanjo zipo. Maelezo ya kumpa mama yapo: huyu mtoto akipata homa yoyote, usingoje kesho. Yule mama hakupewa chanjo wala maelezo, na wa kwanza aliyepaswa kumpa ni mimi.

Tena sisi tunaishi katika nchi ya malaria. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na bandama ndiyo inayozichambua chembe hizo na kuziondoa. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi, bandama yake huweza kuvimba ikashuka chini ya mbavu zilizokuwa zikiilinda, utando wake wa nje ukawa mwembamba, na pigo dogo tu likaipasua. Kwa hiyo kwetu hapa bandama inapasuka kirahisi kuliko kwa wenzetu wa Ulaya, na ikishaondolewa, pengo lake kwetu ni kubwa kuliko kwao. Wenzetu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wao juu ya majeruhi wa bandama. Chanzo kikubwa kilikuwa ajali za barabarani, na waliopasuliwa, karibu wote walitolewa bandama. Sisemi hivyo kuwalaumu. Hata mimi ningekuwa pale ningefanya hivyohivyo. Nasema ili mwone uzito wa swali nililobaki nalo baada ya yule mtoto: je, damu haiwezi kuzuiwa na kiungo kikabaki mahali pake?

Kabla sijajibu, niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita "mshipa" vitu vingi. Mshipa ni njia ya damu, mshipa ni wa fahamu, na mitaani mtu akisema "ana mshipa" anamaanisha ngiri au busha. Niliwahi kumwambia baba mmoja kwamba mwanawe amepasuka mshipa tumboni, akaniuliza kwa upole kama operesheni ya ngiri haiwezi kusubiri mavuno. Kosa lilikuwa langu, si lake. Wauguzi na matabibu, tafadhalini: mnapozungumza na ndugu wa mgonjwa semeni "mshipa wa damu", na ongezeni, "damu inamwagika ndani, hatuioni."

Hiyo ya kutoiona ndiyo hatari yenyewe. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Katikati ya tumbo, mbele kabisa ya uti wa mgongo, unapita mshipa mkuu, aota, mnene kama kidole gumba. Humo hutoka matawi ya ini, bandama, tumbo la chakula, utumbo na figo, kisha karibu na usawa wa kitovu aota inagawanyika mara mbili kwenda nyonga na miguu. Tawi likichanika kwenye mkono, kila mtu anaona na atakimbilia kitambaa. Likichanika tumboni, lita nzima na zaidi inaweza kukaa katikati ya matumbo, au nyuma yake kwenye misuli ya mgongo, na ngozi ya nje haina hata mchubuko. Kijana, kwa sababu moyo wake una nguvu, hujibana. Presha inaonekana nzuri, anajibu maswali, anaomba maji. Kisha anaporomoka ghafla.

Sasa nije kwa kijana wa pili. Huyu ni dereva wa bodaboda. Gari lilimbana akaangukia usukani, ukamgonga ubavu wa kushoto. Akainuka, akajipangusa, akaenda nyumbani. Usiku akalalamika bega la kushoto linauma. Mkewe akamchua kwa dawa ya kuchua. Kesho yake bega lilikuwa lilelile, ila akisimama anaona giza. Ndipo wakamleta.

Ndugu zangu wa bodaboda, nisikilizeni hapa kuliko mahali pengine popote. Bega lile halikuwa na kitu. Damu ikimwagika karibu na bandama hugusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho inatoka shingoni, jirani na ile ya bega. Ubongo unadhani ni bega ndilo linalouma. Mtu aliyegongwa tumbo au ubavu, kisha bega la kushoto likamuuma bila bega kuguswa, asichuliwe. Aje hospitali saa hiyohiyo.

Kijana alipofika mapigo yalikuwa 118 kwa dakika, presha 110 kwa 70. Utrasaundi ikaonyesha maji meusi kuizunguka bandama, na maji hayo kwa majeruhi ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Wingi wa damu ulikuwa gramu 8, yaani umeshuka. Tukampa uniti mbili, mapigo yakashuka, presha ikatulia na ikaendelea kutulia. Alipopigwa picha ya CT pamoja na dawa ya kung'arisha mishipa ya damu, bandama ilionekana imepasuka, na ndani ya mpasuko kulikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Doa lile ni ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, uliochanika ukatuna, ukishikiliwa na tishu nyepesi tu. Ukiuacha, unaweza kukaa kimya siku kadhaa ukapasuka mtu akiwa amekwisha kwenda nyumbani. Nadhani hapa wapo waliosikia habari za mtu aliyepata ajali Jumatatu, akaonekana mzima, akafa Jumapili. Si lazima awe amerogwa.

Miaka ile ya mwembe, kijana huyu ningempasua. Safari hii tulimpeleka kwa wenzetu wa tiba radiolojia. Sikilizeni walivyofanya.

Alilazwa chali kwenye meza ya mtambo wa anjiografia, mtambo unaoonyesha picha ya eksirei ikitembea kama video. Kinena kikasafishwa, akachomwa ganzi. Hakulazwa usingizi. Sindano ikaingia kwenye ateri ya paja, ile unayoihisi ikidunda ukibonyeza kinena. Ndani ya sindano ukapitishwa waya laini. Sindano ikatolewa, waya ukabaki, na juu ya waya ukateleza mrija, katheta, wenye unene usiofika milimita 2. Kwa kuangalia kioo, daktari akaupandisha mrija ndani ya aota mpaka usawa wa mbavu za chini, akaugeuza ukaingia tawi la bandama, akasukuma dawa ya kung'arisha, na mti mzima wa mishipa ukajichora kwenye kioo, pamoja na lile doa. Kisha akapitisha koili. Koili ni waya wa platinamu uliosokotwa kama springi, wenye vinyuzinyuzi. Ukiwa ndani ya mrija umenyooka, ukitoka unajikunja, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Mrija ukatolewa, kinena kikabanwa, ikabandikwa plasta. Kijana alikuwa macho muda wote. Aliniambia baadaye kwamba katikati ya kazi aliwauliza kama kuna mtu anajua pikipiki yake ilipo.

Daktari mwenzangu mmoja wa hapa aliniuliza jana: ukiziba mshipa unaoilisha bandama, hujaiua? Ni swali zuri na jibu lake ndilo uzuri wa njia hii. Ndugu zangu mliotoka Kilombero mnaolima mpunga, ukingo wa jaruba ukibomoka kwa nguvu ya maji, hamkaushi shamba zima. Mnaweka kizuizi kwenye mfereji mkubwa. Maji yanaanza kuzunguka kwa vijifereji vya pembeni, yanafika taratibu, mpunga unakunywa, na ninyi mnapata nafasi ya kuziba ukingo. Bandama nayo ina vijifereji: mishipa midogo itokayo kwenye tumbo la chakula na kongosho. Ukiziba shina la ateri yake, nguvu ya damu inapungua, mpasuko unapata nafasi ya kuganda na kupona, na kiungo kinaendelea kuishi kwa maji ya pembeni. Pale jeraha ni moja na linaonekana wazi, daktari anaweza kwenda mbele zaidi na kuziba kitawi kile tu. Huko mbele sehemu ndogo ya bandama inaweza kufa, lakini nyingine inabaki na kufanya kazi.

Hila hii ya sindano, waya na mrija tunaipata kutoka kwa Sven-Ivar Seldinger, mtaalamu wa radiolojia wa Sweden, aliyeichapisha mwaka 1953. Kabla yake, kuingiza mrija mnene wa kutosha kulihitaji mshipa ufunuliwe kwa kisu. Januari 1964, mjini Portland huko Marekani, Charles Dotter aliitumia si kwa kupiga picha tu bali kwa kutibu: alitanua ateri ya mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, na mguu ule ukapona. Mwaka 1972 zikachapishwa habari za majeruhi waliovunjika nyonga waliozibiwa mishipa inayovuja kwa njia ya mrija, na mwaka 1981 Salvatore Sclafani, New York, akaandika juu ya bandama zilizojeruhiwa. Kule Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987, Nikolai Volodos alimwekea mgonjwa, ambaye aota yake ilikuwa imetuna kifuani baada ya ajali, bomba la kitambaa lenye stenti, yaani fremu ya kulishikilia wazi, akalipitisha ndani ya mshipa bila kufungua kifua. Leo bomba la namna hiyo hutumika pia kwenye aota ya tumbo inapochanwa ndani, jeraha ambalo ni nadra na mara nyingi hutokana na mkanda wa gari uliokaa tumboni badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga. Fungeni mikanda, na mkanda wa chini ukae chini ya tumbo. Kina mama wajawazito, hasa ninyi.

Kila kiungo kina tabia yake. Ini linavumilia sana, kwa sababu sehemu kubwa ya damu yake, kama robo tatu, inakuja kwa vena, mshipa unaorudisha damu, itokayo kwenye utumbo. Ukiziba tawi la ateri linalovuja, ini halifi, ingawa baadaye nyongo inaweza kuvuja au jipu likatokea, na mgonjwa huyo haruhusiwi kusahauliwa. Figo haina vijifereji vya pembeni. Kila tawi lina shamba lake pekee, ukiliziba shamba linakufa. Kwa hiyo kwenye figo hutumika mrija mwembamba kupita ule wa kwanza, usiofika milimita moja, usogezwe mbele kabisa mpaka kwenye kitawi kinachovuja. Utumbo nauogopa. Mishipa ya utumbo ukiiziba ovyo, utumbo unaoza, na isitoshe pigo lililochana mshipa mara nyingi limetoboa na utumbo wenyewe. Hapo rudini kwangu na kisu changu.

Nyonga nataka nikae nayo kidogo. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa nguvu, kama mtu kagongwa na lori, damu inamwagika chini ndani kabisa, mahali ambapo mkono wa daktari wa upasuaji haufiki vizuri. Ukifungua, unaachia mgandamizo uliokuwa unasaidia, na damu inafumka. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka kwenye vena na kwenye mfupa uliovunjika, nayo hutulia mfupa ukibanwa. Wachache wana ateri inayovuja, na hao ndio wa mrija: huzibwa kwa vipande vya sifongo ya jelatini, ambayo mwili huiyeyusha baada ya wiki chache na njia ikafunguka tena.

Lakini kubana hakuhitaji mtambo. Kunahitaji shuka au khanga. Chukueni khanga, ikunjeni iwe pana kiasi cha kiganja, ipitisheni chini ya mgonjwa kwenye usawa wa ile mifupa inayotokeza pembeni juu ya mapaja. Si kiunoni, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanafunga juu sana. Vuteni pande mbili kwa pamoja, fungeni fundo imara, fungeni na magoti yakutane. Msimgeuzegeuze, msimpanue miguu kumpima. Muuguzi wa zahanati anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja, na majeruhi akafika Morogoro akiwa bado ana damu mwilini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo natamani lishikwe na kila daktari aliyeko humu. Njia ya mrija si ya kila mtu. Majeruhi ambaye presha yake imeporomoka, umempa damu na haipandi, au inapanda kidogo ikashuka tena, huyo ni wa theata. Msimpeleke CT. Msimpakie kwenye ambulensi kwa safari ya kilomita zipatazo 200 kwenda Dar es Salaam kwa sababu mmesikia daktari mmoja akisifu koili. Atafia Chalinze. Mfungueni, fungeni kinachovuja, jazeni vitambaa kwenye ini, tokeni haraka, kisha fikirini hatua ya pili. Yule mtoto wa mwembe alikuwa wa theata, na bado ni wa theata leo.

Yuko na majeruhi wa katikati, na juu yake wataalamu wamehangaika miaka mingi. Mwaka 1954 daktari wa jeshi la Marekani, Carl Hughes, aliandika jinsi alivyojaribu katika vita vya Korea kuingiza puto ndani ya aota ya askari waliokuwa wakikata roho, alijaze, azuie damu kushuka tumboni wakati wanatayarishwa. Hawakupona, lakini wazo lilibaki, na miaka ya karibuni lilirudi kwa nguvu na vifaa bora. Wengi tulilipokea kwa matumaini. Kisha Waingereza wakalipima kwa haki: hospitali 16, majeruhi 90 waliokuwa wakifa kwa kutokwa damu, nusu wapate matibabu ya kawaida pamoja na puto, nusu ya kawaida peke yake. Majibu yalitoka mwaka 2023. Ndani ya siku 90, waliowekewa puto walifariki asilimia 54. Wasiowekewa, asilimia 42. Jaribio lilisimamishwa mapema.

Nimeyatafakari majibu hayo mara nyingi. Mimi naona tatizo kubwa ni dakika. Wakati unahangaika kuingiza puto, mtu angekuwa tayari mezani anafungwa mshipa. Na puto likikaa juu, figo, utumbo na miguu vinakosa damu, na baada ya nusu saa hivi ukilifungua unaachia sumu ya viungo vyote hivyo irudi kwenye moyo. Kifaa cha kisasa kilichochelewesha tiba kimeua. Kwa hiyo akija mtu na sanduku zuri akatuambia hili ndilo suluhisho la mikoani, tumuulize limepimwa kwa nani, na majeruhi walipona wangapi.

Na upande wa pili, wako wasiohitaji koili wala kisu. Tangu mwaka 1968 madaktari wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walionyesha kwamba watoto wengi wenye bandama iliyopasuka, kama wametulia, hupona kwa kulazwa na kuangaliwa. Na Wafaransa walichapisha mwaka 2020 jaribio lao la watu wazima waliotulia lakini wenye majeraha makubwa ya bandama: kundi moja walizibwa mapema wote, kundi la pili wakaangaliwa kwa karibu na kuzibwa pale tu ilipobidi. Katika makundi yote mawili, zaidi ya bandama 9 kati ya 10 zilibaki. Kuangaliwa kwa karibu, lakini, si kulazwa wodini na kusubiri raundi ya asubuhi. Ni mapigo na presha kila dakika 15, kisha kila nusu saa, kisha kila saa, usiku kucha. Ni muuguzi mwenye wagonjwa wachache wa kutosha kuwaangalia. Ni damu iliyopimwa na kuwekwa tayari. Ni theata inayoweza kufunguka saa nane usiku. Pasipokuwa na hayo, neno "tunamwangalia" linamaanisha tumemwacha.

Nchini kwetu njia ya mrija si ndoto tena. Kabla ya mwaka 2018 hatukuwa na Mtanzania aliyesomeshwa hapa nyumbani kwa kazi hii. Mwaka huo walimu walianza kuja Muhimbili kwa zamu, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, wakafundisha madaktari, wauguzi na mafundi wa radiolojia pamoja. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2021. Nimewaona wakifanya kazi. Ni vijana wetu, wanazungumza na mgonjwa kwa Kiswahili wakati waya unatembea ndani ya aota yake. Nikitazama mahali tulipotoka, moyo wangu unajaa.

Ila tuseme ukweli, mtambo unaweza kununuliwa kwa bajeti ya mwaka mmoja, na mtu wa kuutumia saa tisa usiku wa Jumapili anachukua miaka. Koili na mirija ni vitu vya kutumia mara moja, vikiisha kabatini mtambo ni pambo. Ndiyo maana nawaomba viongozi wetu, mnapopanga, msipange mashine peke yake. Pangeni na mtu, na mshahara wa zamu ya usiku, na kabati lisiloisha.

Nanyi wa vituoni, yenu ni haya, na hayahitaji kusubiri bajeti. Shukuni tumbo kwa kila aliyegongwa, hata kama anatembea. Andikeni mapigo, maana mapigo yanasema kabla ya presha. Wekeni njia mbili za dripu zenye sindano nene. Toeni sindano ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, mapema, ndani ya saa tatu tangu ajali. Jaribio kubwa la mwaka 2010, lenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, lilionyesha inapunguza vifo, na baada ya saa tatu inaweza kudhuru. Msimjaze majeruhi chupa juu ya chupa za maji ya chumvi, yanaizimua damu ikashindwa kuganda. Anachohitaji ni damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwenye mikono ya watu kama ninyi mliokaa humu. Viongozi wa vijiwe, nimefurahi kusikia mmekubaliana vijana wenu wachangie Damu Salama kila baada ya miezi mitatu. Ile uniti mbili aliyopewa mwenzenu ilitoka kwa mtu asiyemjua. Na kabla ya kumsafirisha mgonjwa, pigeni simu. Ongeeni na daktari atakayempokea, mwambieni mapigo, presha, utrasaundi imeonyesha nini, mmempa damu kiasi gani. Barua ya rufaa iliyokunjwa mfukoni mwa ndugu haiwashi mtambo usiku.

Aliyeondolewa bandama kwa lazima, asitoke wodini bila chanjo zake kupangwa na bila mtu kukaa na familia yake akawaeleza juu ya homa. Hili nawaomba kama baba anavyoomba.

Mwenyekiti wa kijiwe ameniandikia swali kwenye karatasi: yule dereva alirudi barabarani baada ya muda gani? Alikaa hospitali wiki moja. Tulimkataza kupanda pikipiki, kubeba mizigo na kucheza mpira kwa miezi mitatu, na kwa mtu anayeishi kwa hesabu ya kila siku, hiyo ni adhabu nzito. Kijiwe chake kilimchangia, na mdogo wake akaiendesha pikipiki. Utrasaundi ya mwisho ilionyesha bandama iko mahali pake, damu inaingia. Siku hiyo nilimwomba anionyeshe kovu la kinenani. Tulilitafuta wote wawili chini ya taa, na hatukuliona.